Ng'ombe Walipopita Juu ya Alama Zetu

Tangu nikabidhi funguo za stoo mwaka jana, vijana wa karakana wamenifuata nyumbani mara kadhaa wakitaka niandike habari za kazi yetu ya bomba. Nimekubali, lakini habari za vyeo sitaandika. Vyeo nilivyopata havikuzibua choo hata kimoja. Nitaandika juu ya jambo ambalo naona linaanza kupuuzwa, nalo ni kupiga alama za vyombo kabla zege la sakafu halijamwagwa: choo kitakaa wapi, sinki litakaa wapi, maji ya sakafuni yatatokea wapi. Siku hizi wengi wanamwaga kwanza, kisha wanatafuta mashine ya kukatia. Sisi mashine ya kukatia hatukuwa nayo. Tulikuwa na nyundo na tindo.

Kwenye tindo ndipo nilipoanzia mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeshuka kutoka Mahenge, nimemaliza mafunzo ya ufundi bomba nikiwa msichana peke yangu darasani, na Ifakara nzima hakuna aliyetaka kunichukua isipokuwa Fundi Leodegar. Alikuwa mtu wa makamo, Mpogoro mwenzangu, mwembamba, msema kidogo, mwenye karakana ndogo si mbali na stesheni ya reli. Wengine waliniuliza nitaolewa lini. Yeye aliniuliza kama naweza kunyanyua nyundo nzito. Nikasema naweza. Akasema basi kesho tunakwenda Kiberege.

Kiberege kulikuwa na nyumba ya mfanyabiashara wa mpunga. Fundi mwingine alikuwa ameshamwaga sakafu, imekauka vizuri, inang'aa, na bomba la choo limechomoza pale pale ambapo ukuta ulitakiwa kupita. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza katika ufundi ilikuwa kubomoa kitu kipya. Tulivunja kutwa nzima. Vipande vya zege viliruka vikanichana shavu, na mwenye nyumba alisimama pembeni akitutazama kama watu waliokuja kumzika ndugu yake. Tulipomaliza, Fundi Leodegar aliketi juu ya kifusi akaniambia nilitazame vizuri lile shimo, kwa sababu lilichimbwa na mtu aliyeona uvivu wa kufunga kamba.

Baada ya hapo alinifundisha kufunga kamba. Kila alama hupimwa kutoka kuta mbili, kamba zikakatana, na pale zinapokatana ndipo unapigilia kigingi. Ukipima kutoka ukuta mmoja tu, ukuta huo ukiwa umepinda na wewe unapinda nao. Usawa tuliupata kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, maana pima maji yake ilikuwa imeanguka mara nyingi na haikuaminika tena. Midomo ya mabomba yaliyochomoza tuliiziba kwa karatasi za mifuko ya simenti, tukaifunga na nailoni, ili zege lisiingie.

Lakini zaidi ya hayo alinifundisha kwamba chombo hakipimwi kwa futi peke yake. Futi itakuambia umbali. Haitakuambia kama mtu akikaa magoti yake yatagonga mlango. Kwa hiyo alipanga matofali mahali pa choo na kumwomba mwenye nyumba akae. Nimewahi kumwona mwalimu mkuu mstaafu ameketi juu ya matofali katikati ya kiwanja kisicho na kuta, watu wanaotoka sokoni wakipita na kumwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba kwa heshima zote. Choo chake kilikaa vizuri.

Kazi ninayotaka hasa kuisimulia ilikuja miaka michache baadaye, katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto Kilombero. Palikuwa na zahanati ya zamani, na ubavuni mwake likaanza kujengwa jengo jipya la akina mama, lenye chumba cha kuzalia. Wakati huo daraja halikuwapo. Kila kitu, simenti, nondo, mabomba, hata misumari, kilivushwa kwa pantoni pale Kivukoni. Mto ukijaa pantoni husimama, na ng'ambo mnabaki na mlicho nacho.

Fundi Leodegar na mimi tulilaza mabomba ya chini pamoja. Kisha malaria ikamkamata, akavushwa kurudi Ifakara anatetemeka ndani ya blanketi. Kabla hajapanda pantoni aliniambia kazi iliyobaki ni alama na zege, na kwamba nisikubali mtu yeyote anikimbize. Nilimwambia apone haraka. Sikumwambia kwamba nilikuwa naogopa. Nilikuwa sijawahi kusimamia sakafu peke yangu, na ile ilikuwa sakafu ambayo watu wangezaliwa juu yake.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Bwana Kasian, mtu mkali lakini wa haki, ambaye hakuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza. Msingi ulikuwa umeshapanda, mawe yameshindiliwa, mchanga umetandazwa. Mkunga wa zahanati, Sista Klotilda, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, amezalisha nusu ya kijiji. Siku moja kabla ya kumwaga nilimwomba aje aone alama zangu. Nilizipiga kama ramani ilivyoonyesha. Akasimama katikati ya kamba zangu, akauliza kitanda kitakuwa wapi. Nikamwonyesha. Akauliza miguu ya mama itaelekea wapi. Nikamwambia mlangoni.

Akavua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya mchanga, akalala chali, akakunja magoti. Mimi nikatazama pembeni kwa aibu, lakini yeye hakuwa na aibu yoyote. Akaniambia kwa sauti ile ile ya chini nisimame pale mkunga angesimama, kana kwamba mimi ndiye mkunga.

"Sasa mlango ukifunguliwa, kila anayepita barazani ananiona," akasema. "Na damu yote inakuja ulipokanyaga wewe, siyo kwenye tundu lako la maji. Na ukitaka kunawa mikono lazima unipe mgongo. Mwanamke wa namna hii hapewi mgongo, mwanangu."

Ramani yenyewe haikuwa na kosa. Ilichorwa kwa kiwanja kingine ambacho mlango ulikuwa upande wa pili, na jengo lilipogeuzwa ili likwepe maji ya mvua, hakuna aliyekumbuka kugeuza kitanda. Tulikigeuza pale pale. Tundu la maji ya sakafuni likahamia mwisho wa kitanda, upande ambao mkunga hasimami. Sinki likahamia karibu na dirisha, ili anayenawa aendelee kumwona mama usoni. Bwana Kasian alikuja, akasikiliza, akakuna kichwa, akakubali. Nikafukua bomba, nikalisogeza, nikaongeza kiwiko kimoja cha kulipindisha, nikafukia. Alama mpya zikasimama mahali ambapo hakuna karatasi iliyopajua. Tulipajua Sista Klotilda na mimi.

Asubuhi yake lori likaja na mashine ya kuchanganyia zege, ya kuazimwa, imefungwa nyuma kwa mnyororo. Dereva alisema mto umepanda usiku na watu wa pantoni wameanza kunung'unika. Mashine ilitakiwa irudi siku hiyo hiyo. Upande wa milima ya Udzungwa mawingu yalikuwa yamesimama meusi. Bwana Kasian akawapanga vibarua, mifuko ikapasuliwa, mashine ikawashwa.

Mashine ile ilikuwa na mlio kama wa bunduki. Wakati huo huo kundi la ng'ombe lilikuwa linapita kando ya kiwanja kuelekea mtoni, likiongozwa na mfugaji mmoja Msukuma aitwaye Shija, mtu mzima mwenye fimbo na shuka begani. Mlio wa kwanza, ng'ombe wakasimama. Mlio wa pili, wakageuka wote pamoja wakaingia kwetu. Mimi nilirukia ukuta wa msingi. Sikuona ng'ombe mmoja mmoja, niliona migongo tu, na vumbi, na kamba zangu zikikatika. Walipita jengo zima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Walipokwisha, hapakuwa na kigingi hata kimoja kilichosimama. Mabomba yaliyochomoza yalikuwa yamelala. Mapipa ya maji yalikuwa yamepinduka na maji yote yamenywewa na mchanga.

Yaliyofuata yalitokea haraka. Vibarua wengi walikuwa wakulima wa pale pale, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha mpunga ulioliwa na mifugo. Miaka ile wafugaji walikuwa wanazidi kuingia bondeni, na mioyo ilikuwa imeshachoka kabla ya siku hiyo. Nikaona machepe yameinuliwa. Mmoja akakimbilia panga lake lililokuwa limechomekwa kwenye mti. Shija angeweza kukimbia, ng'ombe wake walikuwa mbele na njia ilikuwa wazi. Hakukimbia. Alikuja hadi ukingo wa msingi, akalaza fimbo yake chini, akasimama mikono mitupu. Walimzunguka. Bwana Kasian aliita majina yao na hakuna aliyegeuka. 

Ndipo mlango wa zahanati ya zamani ulipofunguliwa, akatoka Sista Klotilda, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. Hakupaza sauti. Alitembea hadi katikati yao, akasimama mbele ya yule mwenye panga.

"Humo ndani kuna mwanamke anakufa," akasema. "Nataka lori. Nataka watu wanne wa kumbeba. Ninyi mtauana baadaye."

Mama huyo alikuwa ameletwa alfajiri kwa baiskeli kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Hapo zahanati hapakuwa na la kufanya, ilibidi avuke kwenda hospitali, na lori letu ndilo lilikuwa gari pekee kijijini. Bwana Kasian hakutafakari. Alifungua mnyororo wa mashine mwenyewe. Waliokuwa wameshika machepe ndio walioshika godoro. Shija alikuwa mmoja wao, alishika pembe ya miguuni, na hakuna aliyemwambia aache. Uso wa yule mama ulikuwa wa kijivu na hakuwa akilia tena, jambo ambalo lilinitisha kuliko kilio. Sista Klotilda alipanda naye nyuma. Lori lilipoondoka aliniangalia mara moja, akanyoosha kidole kwenye jengo, basi.

Tukabaki na mashine iliyokuwa inazunguka, na zege la kwanza tumboni mwake.

Zege halisubiri. Bwana Kasian alinijia akaniuliza nahitaji nini. Nikamwambia nahitaji kupiga alama upya na kujaza mabomba maji nione kama kwato hazijapasua kitu. Akatazama mawingu. Akasema lori likirudi mashine inaondoka, na mvua ikituwahi mchanga wote utaingia mitaroni, na simenti iliyobaki haitafika wiki nyingine ikiwa hai. Alisema haya kwa upole, na upole wake ulinibana kuliko ukali. Kisha akaamua: vibarua wataanza kumwaga barazani, kisha korido, kisha vyumba vya mbele. Chumba cha kuzalia kitakuwa cha mwisho. "Ukisikia tumefika korido," akasema, "ujue nakuja kwako."

Nikaingia ndani ya chumba kile na kamba na futi. Kuta mbili za msingi zilikuwapo, hiyo ilikuwa bahati. Lakini vipimo vipya tulivipiga kwa mwili wa Sista Klotilda, na mwili wa Sista Klotilda ulikuwa unavuka mto. Nilisimama pale nikisikia machepe yanakwaruza barazani. Ramani nilikuwa nayo mfukoni na haikunisaidia. Nikajaribu kukumbuka namba nikaziona zinachanganyikana. Basi nikatandika kanga yangu, nikalala chali juu ya matope yaliyokanyagwa na ng'ombe, nikakunja magoti, mbele ya wanaume wote wale.

Nilisubiri mtu acheke. Hakucheka mtu. Bwana Kasian aliwageuza migongo kwa neno moja. Nikiwa nimelala nikakumbuka sauti ya Sista Klotilda ilitoka wapi na macho yake yalikuwa yanaangalia wapi: dirisha juu ya bega la kulia, mkunga upande wa kushoto wa goti, tundu mbele ya kisigino. Nikachora kwa kidole. Nikainuka, nikapima kila mchoro kutoka kuta mbili, nikapigilia vigingi. Kisha nikachimba pale kigingi cha tundu kiliposimama, mkono wangu ukagusa kile kiwiko nilichoongeza jana yake. Hapo nikapumua.

Lakini maji ya kupimia hayakuwapo. Mapipa yalikuwa matupu, na kidogo kilichokuwa kimetekwa upya kilikwenda kwenye mashine. Nikatoka nje, nikamkuta Shija bado yupo. Ng'ombe wake alikuwa amewakabidhi jamaa yake mtoni, akarudi. Alikuwa na mkokoteni wa kuvutwa na maksai wawili, na madumu juu yake. Aliniamkia kwa heshima, ingawa nilikuwa mdogo kwake.

"Mayu," akasema, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "nimesikia unataka maji. Nimeyaleta."

Nikayapokea. Kibarua yule aliyekuwa na panga alitusaidia kuyashusha, bila kumtazama Shija usoni.

Niliziba mdomo wa bomba kule kwenye chemba, shimo la nje linalopokea maji machafu, kwa gunia na udongo wa mfinyanzi, nikajaza maji kutoka juu hadi yakajaa mdomoni. Unapofanya kipimo hiki hutakiwi kuwa na haraka. Unaweka alama kwenye usawa wa maji, unasubiri. Zege lilikuwa limefika korido. Nilipiga magoti nikakodolea macho ule mduara wa maji. Ulitulia. Kisha ukaanza kushuka, polepole sana, kama kitu kinachotaka usikione.

Nilimwita Bwana Kasian akaja kutazama.  Alishika chepe mwenyewe tukafukua pamoja. Bomba lilikuwa limepasuka chini, mita moja kutoka kwenye kiwiko, ufa mrefu wa ukwato. Kama tungemwaga, maji machafu yote ya chumba kile yangekuwa yanaingia ardhini chini ya kitanda, na kisima cha zahanati kilikuwa pale pale nyuma.

Bomba la akiba la unene ule halikuwapo ng'ambo ile. Nikakata kipande kutoka kwenye bomba la hewa lililokuwa linasubiri kupandishwa ukutani. Hilo lingeweza kuja siku yoyote pantoni ikivuka. Tukawasha moto wa karatasi za simenti na vipande vya mbao. Bomba la plastiki ukilizungusha juu ya moto kwa subira hulainika kama ugali, ukalivalisha juu ya lenzake likakaza. Ukizidisha kidogo linaungua na huna lingine.  Shija alishika upande mmoja, Bwana Kasian upande mwingine, mimi nikazungusha. Likalainika, likaingia, nikapaka gundi, tukalifunga na kitambaa kilicholowa. Tukajaza maji tena. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kupiga mchanga wakati tunatazama, na sikujua kama usawa unashuka au ni matone yanayouchezesha. Bwana Kasian akavua kofia akaikinga juu ya bomba. Maji yalitulia. Tukasubiri. Yalitulia bado.

"Fundi," akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "nimwage?"

Nikasema mwaga.

Tulimwaga chumba kile chini ya turubai lililoshikwa na watu kwa mikono. Wakulima upande mmoja, Shija na jamaa zake wawili upande mwingine, maji yakiwachuruzika viwikoni. Nilishika ubao wa kusawazishia mimi mwenyewe, nikauvuta kutoka kila kona kuelekea kwenye tundu, ili sakafu nzima ishuke kidogo, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji yanaona. Tulimaliza. Shija akachukua fimbo yake. Sitaki kuwaambia kwamba ugomvi wa mpunga na mifugo uliisha siku hiyo. Haukuisha. Lakini wiki ile kila asubuhi alileta maji ya kunyweshea zege lisipasuke likikauka, na hakuna aliyemwuliza njia aliyopitia.

Lori halikurudi. Mto ulifurika na pantoni ikasimama zaidi ya wiki. Mashine ikabaki kwetu imefunikwa magunia. Tulinywesha sakafu, tukala dagaa, tukasikiliza mvua. Jioni watu walikuja kusimama karibu na msingi wakiuliza habari za yule mama, na sisi hatukuwa na habari. Mume wake alikuwa anakuja pia. Alikaa juu ya ukuta wa msingi, haulizi kitu, anatazama njia ya mtoni. Nikawa nampelekea chai tu.

Sista Klotilda alivuka siku pantoni ilipofunguliwa. Alikuja kwa miguu kutoka mtoni, nguo zina matope hadi magotini, mkoba bado begani. Hakupitia kwake. Alipitia kwa yule mume kwanza, wakazungumza mbali na sisi, akamshika bega muda mrefu. Kisha akaja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia chumba cha kuzalia kisicho na kuta. Aliangalia dirisha litakapokuwa. Akasimama mahali pa mkunga, akanyoosha mkono kuelekea sinki litakapokuwa, akageuza kichwa mahali pa kitanda.

Akaniomba ndoo ya maji. Nikaileta, akaniambia nimwage pale kitanda kitakapokaa. Nikamwaga. Maji yakatandaa, yakasita kidogo kama yanayotafuta njia, kisha yakajikusanya, yakateremka mbele ya vidole vya miguu yake bila kuvigusa, yakaingia kwenye tundu. Tulisikiliza yakishuka hadi sauti ikaisha.

Nikamwuliza yule mama anaendeleaje.

"Yu hai," akasema. "Mtoto hatukumuwahi."

Alibaki anatazama sakafu iliyolowa. Mume yule alikuwa ameinuka, anashuka taratibu kwenye njia ya mtoni. Sista Klotilda akashusha mkoba wake, akauweka juu ya ukuta wa msingi, akarudi mahali mkunga anaposimama.

"Mwaga tena," akasema.